Kila ninayemfunza huondoka. Daftari nimpe nani?

Assalam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mama wa miaka 47, mkazi wa kisiwa cha Lamu. Mtaa sitautaja, kwa kuwa hapa Amu twajuana mlango kwa mlango. Nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanijibu, maana jambo hili likielezwa nusu nitaonekana nina makosa matupu au nina haki tupu, na yote mawili si kweli.

Mwaka 2010, nikiwa na miaka 32, tulikuwa wanawake 11 tulioanza kupanda mikoko ufuoni kwetu. Upande ule ulikuwa umebaki wazi. Miti ilikatwa kwa boriti na kwa kuni za tanuri za chokaa tangu enzi za wazee wetu, na machipukizi hayakurudi yenyewe. Hakuna aliyetulipa. Tuliingia kwenye tope leso zimefungwa viunoni, tukachomeka mbegu moja moja. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, wanaume kadhaa waliokuwa wakikata boriti walijikuta hawana kazi, na baadhi yao wakajiunga nasi. Leo tuko 38, na 14 kati yetu ni vijana.

Mimi ndiye mwenyekiti tangu siku ya kwanza. Daftari ninalo mimi: tarehe za bamvua (siku maji yajaapo na kupwa kupita kawaida), mbegu tulizookota na mahali tulipoziokota, nani alikuja, nani alileta chai. Ufunguo wa stoo ninao mimi. Laini ya simu inayopokea pesa za kikundi ni yangu. Sijisifu. Mwenye kalamu ndiye aliyeandika, ikawa hivyo hadi leo.

Lakini mapema nilijua sitaishi milele, nikaanza kufunza vijana. Wa kwanza alikuwa binti mwenye kichwa chepesi, akaolewa Mombasa. Wa pili nilikaa naye miaka mitatu. Gati ya kwanza ya bandari mpya ilipofunguliwa Mei 2021 akapata kazi huko. Wa tatu alikwenda Uarabuni. Wa nne alichukuliwa na shirika moja la Malindi, na nasikia hesabu za miche alizokuwa akituandikia ndizo zilizompatia kazi hiyo. Kila mara watu huniambia, "Wewe walea, wengine wavuna." Nacheka nao, lakini usiku maneno hayo hunikaa kooni.

Wa tano ni binti wa miaka 23. Alisoma chuo Mombasa, akarudi, na bado yupo. Ana bidii, aongea na wageni bila woga, vijana wenzake wamfuata. Kwa upande wa pili yuko msaidizi wangu, mwanamke wa miaka 44 niliyeanza naye. Hakusoma sana, kuandika kwampa taabu. Lakini tope alijua kwa nyayo zake, na wanawake wakigombana ni yeye apitaye nyumba kwa nyumba mpaka watu wasalimiane tena.

Mwaka jana, msimu wa kusi, nilikwenda Mombasa kufanyiwa upasuaji, nikakaa wiki sita. Kazi ya kupanda nilimwachia binti. Nilimwambia kwa simu, "Pandeni, miche isikae kitaluni ikapinda mizizi." Wakapanda miche 600 ya mkoko kwenye lile tope la nje kabisa, linalofunikwa mara tu maji yanapoanza kujaa. Niliporudi nilishuka alfajiri, maji yamekupwa. Nilikuta safu zimenyooka, hatua moja moja, zapendeza kama darizi ya kofia. Na kila mche umekufa. Majani yameanguka, mashina yamevaa vigamba vyeupe kama vya kwenye nguzo za gati. Niling'oa mmoja, ukatoka bila kushika chochote. Pale pale ndipo zilipotufia mbegu zetu mwaka 2013, na nililiandika jambo hilo kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Nililia. Kisha nikamwita mbele ya wenzake, nikamwambia niliyomwambia, nikachukua ufunguo wa stoo niliokuwa nimemwachia. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ulinipa miche, hukunipa daftari." Miezi minane sasa nimeyabeba maneno hayo.

Shirika linalotusaidia mifuko ya kitalu limetupa nafasi moja ya mafunzo kwa viongozi wa kujitolea: miezi mitatu, Mombasa, pamoja na posho. Atakayekwenda akirudi atakuwa mratibu, na kila mtu ajua huyo ndiye atakayeshika kikundi baada yangu. Jina latakiwa mwisho wa mwezi.

Nikimtaja binti, msaidizi wangu ameshasema, "Nikipitwa na mtoto niliyembeba mgongoni, nitakaa kwangu." Najua akikaa yeye watakaa na wengine 10. Nikimtaja msaidizi, vijana watatawanyika. Tulipokutana barazani kwangu mmoja wao alitamka neno lililonichoma: "Miaka yote twabeba miche, hatujaulizwa hata siku moja ipandwe wapi." Mume wangu asema nimpe atakayekaa, na kwake yeye msichana ambaye hajaolewa bado hana makazi. Asema pia manahodha wakiwa wengi chombo huenda mrama.

Kuna usiku nafikiri niyaache yote: niwape daftari, ufunguo na laini ya simu, waamue wenyewe. Mgongo wauma na daktari amenikataza kuinama. Lakini nikishuka ufuoni nikaiona mikoko ya 2010 imenipita urefu, kaa wamejaa kwenye mizizi, nashindwa. Nimpeleke nani? Na nikishampeleka, nitajuaje kwamba huyu hataondoka kama wale?

Mwenye Daftari,
Lamu

JIBU

Waalaykum salaam, Mwenye Daftari.

Kwanza pole kwa upasuaji. Umeutaja kama jambo la njiani, na nadhani hata huko mtaani watu walikuuliza habari za miche kabla ya habari za mgongo. Wanaobeba wenzao huwa hawapewi pole za kutosha. Ichukue hii yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona swali moja, la nani aende Mombasa. Mara ya pili niliona kwamba swali hilo limebeba mengine mazito: hofu ya kuachwa kwa mara ya tano, deni la heshima kwa mwenzako uliyeanza naye miaka 15 iliyopita, na ile alfajiri ya miche 600. Mara ya tatu nilimwona mtu aliyechoka kushika peke yake, na papo hapo anaogopa kuachilia. Nitaanzia ufuoni, kwa sababu nahisi ndipo moyo wako ulipokwama.

Wewe wajua kuliko mimi kwamba ufuo wa mikoko una mpangilio wake. Kati ya aina zake, mlilana ndio unaosimama mbele kabisa kuyakabili maji, mkoko wenyewe unafuata nyuma yake, halafu mkandaa, na mchu hupenda zaidi upande wa nchi kavu. Mkoko ukiwekwa mahali pa mlilana hufunikwa muda mrefu mno, ukakosa pumzi, na vile vigamba vikaumaliza. Binti yako hakupanda kwa uvivu. Safu zilizonyooka hatua moja moja ni kazi ya mtu aliyejitahidi kwa kila alichokuwa nacho. Alichokosa ni jambo moja lililoandikwa kwa wino mwekundu, ndani ya daftari lililofungwa.

Hapa nakuomba usimame kidogo nami. Umeandika kwamba pale pale ndipo zilipowafia mbegu mwaka 2013. Miaka mitatu baada ya kuanza, wewe nawe ulipanda mahali pasipofaa. Ni nani aliyekuita mbele ya watu siku ile? Ni nani aliyekunyang'anya kalamu? Nadhani hakuna. Uliandika kosa, ukaendelea, na kosa lile likakufanya mjuzi unayeogopwa leo. Sisemi mliyopoteza ni kidogo. Miche 600 ni jasho la miezi: kuokota mbegu, kujaza mifuko tope, kumwagilia. Nauliza tu kama binti huyu amepewa nafasi ya kuwa na 2013 yake, au kosa lake limefanywa hukumu wakati lako lilikuwa somo.

Na hakuwa peke yake siku hiyo. Msaidizi wako, anayelijua tope kwa nyayo, alikuwa wapi? Wale wanaume waliokata boriti, wanaojua kila mti mahali pake hata gizani, walisema nini? Inawezekana walikuwepo wakanyamaza kwa kuwa kazi alikuwa amepewa mtoto. Inawezekana binti aliona haya kuuliza, asije akaonekana hajui. Na inawezekana pia alisikia sauti yako kwenye simu ikisema "pandeni" na akaona adabu ni kutii. Kwetu pwani kijana hampingi mkubwa mbele za watu, na mkubwa akimwona kijana anakosea huweza kumwacha ajifunze. Heshima hiyo naipenda, nimelelewa ndani yake. Lakini ufuoni siku ile huenda iligharimu miche 600. Ukitaka kujua lililotokea, ulizia kwa upole, mmoja mmoja, tena anza na wadogo, kwa sababu wakubwa wakishasema wadogo hawatakuwa na la kuongeza.

Sasa nije kwenye neno lililo juu ya barua yako, kwamba kila uliyemfunza ameondoka. Nimehesabu: vijana watano katika miaka 15. Uliwafunza mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mrithi pekee wa wakati wake, na kila alipoondoka ulibaki mikono mitupu kama aliyefiwa. Najiuliza kama kinachokuumiza ni kuondoka kwao, au ni kwamba kila mara hapakuwa na wa pili aliyekuwa akijifunza pamoja naye. Vijana wa Lamu wataendelea kuondoka. Wataolewa, wataitwa kazini, watavuka bahari, kama babu zetu walivyokwenda na kusi na kurudi na kaskazi. Mume wako asema umpe atakayekaa. Lakini nani atakutia saini kwamba mtu wa miaka 44 atakaa? Mwana huugua, mama huugua, mume huhamishwa. Wewe mwenyewe uliondoka wiki sita bila kupanga.

Na hao wanne, dada yangu, wamekwisha kweli? Yule wa Malindi aliyepata kazi kwa hesabu za miche yenu, umewahi kumpigia umwambie kikundi kina shida ya mafunzo, kisha umwulize wao huko hufanyaje? Yule wa bandarini hurudi nyumbani sikukuu? Umesema "wengine wavuna." Naomba ufikirie kama mavuno hayo hayawezi kuombwa kurudi kidogo: ushauri, nauli ya mtu mmoja, siku moja ya kufunza wadogo zao kuandika ripoti. Huenda wanasubiri kuombwa. Huenda pia wataona haya au watakataa. Hilo nalo litakuumiza, nisikufiche.

Kuhusu msaidizi wako nina maswali kuliko majibu. Umenieleza alichotishia, hukunieleza anachotaka. Anataka kukaa Mombasa miezi mitatu mbali na nyumba yake? Anataka kuwa mratibu, mtu wa ripoti na mikutano? Au anataka asikie habari hii kutoka kwako, nyote wawili mmekaa jikoni, kabla mtaa haujaijua? Mtu aliyeingia tope nawe mwaka 2010 akisema "nitakaa kwangu," mara nyingi ni kwamba ameshajiona amesahauliwa. Na kutojua kuandika sana kusikufanye umwone ameshafika mwisho wake. Watu wazima nao hukuzwa kuwa viongozi. Anayekwenda nyumba kwa nyumba kupatanisha watu anafanya kazi ambayo mafunzo mengi hujaribu kuifundisha na kushindwa, ila hajawahi kupewa jina la kazi hiyo wala siku yake ya kusimama mbele. Simu hurekodi sauti. Binti anaweza kuandika yale msaidizi anayosema, na katika kuandika akajifunza tope bila kuona haya.

Jambo la pembeni kidogo. Sisi huwa twagawa watu kwa urahisi, vijana huku na wakubwa kule. Katiba yetu ya 2010 yasema kijana ni aliyetimiza miaka 18 na hajafika 35. Ulipoanza ulikuwa na 32. Kikundi chako kilianzishwa na kijana, mama, na kijana huyo hakungoja ruhusa ya mtu.

Tuyatazame sasa yaliyo mbele yako. Ukimtaja binti, unawaambia vijana wote kwamba kosa halimzimi mtu. Lakini akirudi na cheti na cheo kwenye kikundi ambacho wakubwa wake wamekasirika, atakuwa mratibu wa mkutano mtupu, na hapo ndipo wengi huondoka. Ukimtaja msaidizi, unalipa deni la miaka 15, na wanawake wataona uaminifu una thamani. Ila uliza kwanza mafunzo yenyewe yanatolewa kwa lugha gani na kwa maandishi kiasi gani, usije ukampeleka mwenzako mahali atakapoaibika kwa miezi mitatu. Wote wawili uwajue kabla ya kuwachagua.

Nami ningeuliza kama nafasi ni moja kweli. Mashirika huandika "nafasi moja" na mara nyingi hakuna aliyewauliza kama posho ya mmoja kwa miezi mitatu yaweza kuwa ya wawili kwa mwezi mmoja na nusu, au kama mkufunzi aweza kuja Lamu akafunza watu kumi kwenye kitalu chenu. Wanaweza kukataa. Kuuliza hakutakugharimu, na jibu lao litakuonyesha kama wanataka kikundi chenu au wanataka jina la kuandika kwenye fomu. Posho yenyewe itazame vizuri. Fedha inayoingia mfukoni mwa mmoja katika kikundi cha kujitolea hugawa watu upesi. Kule Gazi, Kwale, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja hupata fedha kwa kulinda mikoko yao, na fedha hizo huingia kwenye mambo ya wote kama maji na shule. Nyinyi si mradi kama ule, lakini mazungumzo ya "hii ni ya nani" mwaweza kuyafanya kabla mtu hajapanda basi.

Mawazo yako ya usiku, ya kuacha yote kwa siku moja, nayaelewa. Kupumzika una haki nako, na daktari amesema. Naogopa jambo moja tu, kwamba ukiweka mezani daftari, ufunguo na simu ukaondoka, hutakuwa umewapa uongozi. Utakuwa umewapa ugomvi. Sheria ya vikundi vya jamii ya mwaka 2022 yataka kikundi kiwe na katiba na viongozi wake, na sababu yake waiona mwenyewe: laini ya pesa iliyo kwa jina la mtu mmoja humtia mashakani hata mwaminifu. Hilo la laini ningelishughulikia mapema, hata kabla ya jina la Mombasa, liwe kwa jina la kikundi na watu wawili au watatu wenye idhini. Kwa ajili ya usalama wako kwanza.

Kuna njia iliyo kati ya kushika yote na kuachilia yote. Ukienda Matondoni ukamtazama fundi wa jahazi na mwanafunzi wake, kijana huanza kwa kalafati, kubana pamba katikati ya mbao. Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini ikiharibika chombo kizima huvuja. Fundi humpa ubao mmoja, akamwacha, kisha akaja akapitisha kidole. Hamkabidhi chombo chote akaenda Mombasa, wala hamwachi miaka mitatu akibeba mbao tu. Yule kijana aliyesema hawajaulizwa ipandwe wapi alikuwa akiomba ubao wake. Je, kuna kipande cha ufuo, hata hatua 50, ambacho vijana 14 wangeweza kukichagua, kukipanda, kukihesabu na kukijibia wenyewe, na mmoja wa wale wakata boriti akiwa karibu yao kuulizwa? Wakikosea, kosa liwe la ukubwa wa kipande kile. Utaweza kukaa ufukoni ukaona wanakaribia kukosea, usiseme mpaka uulizwe? Hili naliona gumu kwako kuliko yote niliyoyataja, na sijui kama uko tayari. Wewe ndiye unayejua.

Mume wako kasema kweli kuhusu manahodha. Lakini hata chombo chenye nahodha mmoja huwa na zaidi ya mtu mmoja anayejua kushika usukani, kwa sababu nahodha hulala.

Mwisho wa mwezi uko karibu, na kabla yake nakuona una mazungumzo mawili ambayo hakuna awezaye kukufanyia. Moja ni la jikoni na msaidizi wako, na huko uende na swali, usiende na jibu. La pili ni na binti. Alikuambia maneno matano miezi minane iliyopita na hujamjibu. Sijui utamjibu nini. Unaweza kumweleza kuhusu 2013, au kumfungulia ukurasa wenye wino mwekundu akausoma mwenyewe. Unaweza kumwomba radhi kwa kumsema mbele ya watu, kama waona ulizidisha, hata ukiendelea kuamini kwamba alipaswa kuuliza. Mkiisha hayo, huenda jina la kuandika kwenye fomu litakuwa wazi kwako, au mtakuwa watatu mnaolitafuta pamoja.

Nisalimie hao wanawake 11. Na mgongo usiinamishe. Kaa kwenye kigoda, wakuletee daftari mapajani. Bamvua lijalo likipita, niandikie mlipanda wapi na ni nani aliyepachagua.